Anayenyamaza Apewe Kiti

Sogezeni viti karibu, wanangu, kwa maana pumzi niliyobaki nayo si ya kupigia kelele, na huo muziki wenu unaovuma nyuma ya ukuta unaimeza yote kabla haijawafikia. Wewe Kifua, kitinda mimba wangu, mwenye tisheti ya kubana kana kwamba uliivaa ungali mtoto na ukashindwa kuivua, weka simu chini. Na wewe dada yake, acha kunipangusa jasho kila mara, mimi si meza. Nimewaita wote wawili kwa sababu nikimwambia mmoja, mwingine atasema mama alikuwa anaweweseka. Siweweseki. Nina homa, kifua kimejaa maji, na akili ninayo.

Kwanza nijibuni: nani yuko huko jimu sasa hivi? Fundi cherehani, peke yake, juu ya mashine ya kukimbilia. Umemwachaje peke yake, Kifua? Anatembea tu, unasema, na anajua pa kubonyeza ikitakiwa kusimama. Haya, nimesikia. Basi nitasema haraka, maana moyo wangu haujatulia tangu asubuhi alipopita hapa kunijulia hali, nikauona mkono wake unatetemeka juu ya kitasa cha mlango.

Jengo hili ni lenu nyote, na halikatwi katikati. Anayechoka na mwenzake aondoke na nguo zake alizovaa, jengo libaki. Vyuma vyote ni vya Kifua, kwa sababu ndiye anayevipenda, nimemwona akivipaka mafuta huku anaimba akidhani nimelala. Mizani namwachia dada mtu, na kazi ya kwanza mkishanizika ni kuiondoa pale mlangoni na kuiweka nyuma ya pazia, kwa kuwa mtu hapimwi mbele za watu kama gunia ghalani. Mama wa watu anapanda pale, namba inatokea, walio kwenye foleni wanajifanya wanafunga kamba za viatu huku macho yao yako kwenye namba. Huyo akirudi wiki inayofuata, jueni ana roho ngumu. Wengi hawarudi, na ninyi mnakaa kujiuliza wateja wameenda wapi.

Mnajua nilivyoanza, lakini mtanivumilia, mgonjwa haambiwi alishasema. Nilianza uani kwa ndoo za mchanga, na wanawake waliotoka kujifungua wakilalamika migongo. Darasa langu liliishia la saba, kifaa cha kupima mapigo ya moyo sikuwa nacho wala nisingejua kukisoma, nikatumia masikio. Kila mwenye ndoo ilikuwa lazima aongee. Amseme mumewe, amseme wifi yake, asimulie alivyoibiwa sokoni, mimi namsikiliza huku namtazama magoti. Maneno yakianza kukatika, napunguza mchanga. Akinyamaza, sibembelezi wala simwambii ajikaze, nashusha ndoo, namletea kiti, namuuliza amekula nini. Majirani wakapaita kijiwe cha umbea chenye ndoo, na hawakukosea sana. Lakini katika kijiwe kile hakuna aliyebebwa kupelekwa hospitali.

Usinikunjie uso, Kifua. Wewe umesoma, una cheti, na mengi uliyonifundisha ni ya kweli. Goti langu hili la kulia uliliponya wewe baada ya mimi kulipaka kila kitu kilichouzwa dukani. Sigombani na cheti chako, baba. Nagombana na spika yako. Tangu uipachike ukutani hamna anayemsikia mwenzake, watu wananyanyua kama wamefumbwa midomo, na wewe unapita katikati yao unapiga makofi.

Kuhusu chakula, shikeni hili. Mteja akija, kabla hamjamwambia asile nini, muulizeni nyumbani kwake nani anapika, wanakula saa ngapi, na wangapi wanakula chungu kimoja. Mwanamke anayepikia nyumba nzima hawezi kuinjika sufuria yake pembeni kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Mwambieni apunguze mafuta kwa wote, aongeze mboga kwa wote, sukari ya chai ipungue kidogo kidogo hata wanawe wasigundue. Hapo mmefundisha nyumba, si mtu mmoja, na jirani atauliza, naye atakuja. Biashara yetu imekua hivyo. Haikukuzwa na mabango.

Na msiuze tarehe. Kama sikio moja limeziba, sikieni kwa jingine: msimwahidi mtu mwili kwa tarehe. Mwili si nguo ya fundi iliyoagizwa sikukuu.

Hapo ndipo ninapotaka kufika, mnajua. Fundi wetu anamwoza binti yake mwisho wa wiki hii. Amejishonea gauni, na kosa alilofanya asingelifanya mtu asiyeshika mkasi: alikata kitambaa kwa kipimo cha mwili anaoutamani, akauacha huu alionao nje ya gauni. Akaja kwako, Kifua, na wewe badala ya kucheka naye ukampiga picha, ukaibandika mlangoni, na pembeni ukaacha nafasi tupu ya picha ya pili. Ile nafasi tupu inaniogopesha kuliko kitanda hiki. Tangu siku ile cha usiku hali, cha asubuhi hali, anakoroga huo unga wako wa kopo kwa maji, kisha anapanda mashine. Alitaka mwenyewe, unasema. Ulipokuwa mdogo ulitaka wembe, ukalia mpaka ukapata kwikwi, nilikupa?

Na wewe, mama, usiinamishe kichwa ukadhani umepona. Ulimwona anashika ukuta akishuka, ukanyamaza kwa sababu mdogo wako ana cheti na hupendi ugomvi. Upole wako huo ni mzuri kwa watoto wachanga. Kazini mtu anapokosea, mwambie, hata kama mlinyonya ziwa moja, na mwambie wakati ule ule, usingoje mfunge jimu mkahesabu taulo.

Nipe maji. Kidogo tu, usinimiminie. Haya.

Yule mwenye jimu ng'ambo ya barabara alikuwa mwanafunzi wangu, akaondoka asubuhi moja na wateja wangu wa alfajiri wote. Atakuja msibani amevaa vizuri, atalia kuliko ninyi. Sijamsamehe na sina muda wa kuanza leo. Lakini migongo anaijua kuliko sisi sote humu, kwa hiyo mteja mwenye mgongo mbaya mpelekeni kwake, mfikisheni mpaka mlangoni. Na mteja wenu akihamia kwake, mkikutana naye njiani msalimieni kwa jina, muulizeni watoto. Mtu anayesalimiwa hurudi. Anayenuniwa huvuka barabara, akavuka moja kwa moja.

Ngojeni.

Ngojeni kidogo, msiongee. Kiganja changu kipo ukutani tangu mlipokaa. Mlifikiri natafuta ubaridi? Mashine ile inatikisa ukuta huu, na juu ya mtikisiko wake kuna miguu. Ilikuwa inakuja miwili, mmoja mzito mmoja mwepesi, fundi ana kisigino kinachomsumbua. Sasa hivi inaburuta. Kifua, inaburuta. Usiniambie homa. Weka mkono wako hapa, hapa juu ya wangu, umesikia? Mashine inazunguka na miguu haipo. Nenda! Acha wosia, wosia utakukuta hapa, nenda, baba, kimbia, na uzime hilo lispika lako!

Ameenda. Kaa, mama, usiondoke, nishikilie nikae. Fungua mlango wote. Unaona nini? Usinifiche, mimi siyo wa kufichwa tena. Muziki umekatika. Angalau hilo. Miaka yote nilijenga nyumba ya kelele za watu, na leo humo ndani kimya namna hii. Mwanamke ana harusi ya mwanawe. Binti yule nilimbeba mimi akiwa kichanga, mama yake akinyanyua ndoo na kunisimulia jinsi mumewe, siku ya uchungu, alivyokaa akitazama cherehani kama ndiyo itazaa. Unaona nini? Yuko chini. Ameanguka au amekaa? Sema vizuri. Kifua amempakata kichwa. Mwambie asimpakate kichwa, amlaze, ainue miguu yake, alegeze hiyo nguo kiunoni. Piga kelele, sauti yangu haifiki.

Anafumbua macho? Anaongea? Mwulizeni jambo. Msimwambie pole, pole haijibiwi, mwulizeni jambo analolipenda. Mwulizeni kuhusu mkwe wake, huyo kijana wa viatu vyenye ncha.

Nyamaza.

Umesikia? Nimemsikia. Amesema viatu vile hata jogoo angevikataa. Rudia, fundi, umesema nini tena? Una njaa. Mmesikia wote wawili? Anasema ana njaa, na hilo ndilo neno zuri kuliko yote yaliyosemwa kwenye jimu hiyo tangu mwezi uingie.

Mpeni maji yenye sukari, kidogo kidogo. Kisha aende hospitali akapimwe, na wewe Kifua umsindikize, ukae naye mpaka amalize. Baadaye umletee uji wangu, ule niliokataa asubuhi. Akirudi mwekeni kiti hapa, ale nikimwona. Picha ile ya mlangoni ibandue sasa, si kesho. Gauni mwambieni alifumue ubavuni. Fundi mzuri huacha kitambaa ndani kwa ajili ya wateja wake, hawezi kukosa alichojiachia mwenyewe.

Usisimame hapo mlangoni ukitokwa na machozi, baba. Fundi ameshakaa, na gari la kwenda hospitali mmeshaliita. Njoo. Mkono wako unatetemeka kama wake. Vizuri. Utetemeke hivyo kidogo kila unapompokea mtu, na utafika mbali kwenye kazi hii.

Nizikeni mapema, kabla jua halijawa kali. Watakaokuja kwa mguu wapate pa kukaa, na wasiondoke na njaa. Siku inayofuata mfungue kama kawaida.

Leteni vichwa. Vyote viwili, mkono hauinuki tena, viwekeni chini yake. Mungu awape riziki isiyomwumiza mtu. Awape masikio. Mpendane, na mkishindwa, muwe mnasemezana tu.

Fundi... uko hapo? Endelea kusema, mama. Huyo mkwe. Nasikia. Mimi pumzi... imenikatikia. Mnajua kanuni ya nyumba hii. Nikinyamaza, msinitikise niendelee.