Fomu Ishirini na Tatu za Mwalimu Tena

Ndugu, majirani, walimu wenzake na marehemu, wazazi wa wanafunzi wake, na nyinyi waheshimiwa wa halmashauri mliowekewa viti vyenye mito pale mbele, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu tunayemzika leo, Jumatano tarehe 21 Juni 2023. Mimi ni dereva wa lori, nimezoea honi kuliko karatasi, na shangazi yetu, ambaye ameipitia historia hii mara mbili akiwa na kalamu nyekundu, amenionya nisome taratibu, nisipandishe sauti na nisimkazie mtu macho. Nitajitahidi kusoma taratibu.

Dada alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa pili kati ya watano wa baba seremala na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo chumba kimoja kilikuwa karakana, kwa hiyo usingizi wetu wote wa utotoni ulikuwa wa kusikia msumeno. Alitembea kabla ya kutimiza mwaka, akasema mapema kuliko sisi wote, na kwa maelezo ya shangazi, tangu alipofungua mdomo hakuufunga hadi Jumamosi iliyopita.

Alianza darasa la kwanza Januari 1975, siku moja na kaka yetu mkubwa, ambaye hasikii tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne. Muhula wa pili mwalimu mkuu alimwita baba akamwambia amrudishe mtoto nyumbani, kwa kuwa shule haikuwa na mtu wa kukaa na mwanafunzi mmoja wakati wengine arobaini wanasubiri, baba akamshika kaka mkono wakaondoka, na dada akabaki dawatini peke yake akiwa na sare mpya na hasira ambayo haikumtoka maisha yake yote. Jioni hiyo alimketisha kaka juu ya rundo la mbao, akamchorea kwa kidole, kwenye vumbi la msumeno, herufi alizofundishwa asubuhi, na akafanya hivyo kila siku ya shule kwa miaka saba. Leo kaka anasoma, anaandika, ana karakana yake na vijana wanne anaowafundisha kazi, na jeneza hili mnaloliona amelipiga randa yeye mwenyewe.

Dada aliendelea na sekondari kuanzia 1982 hadi 1985, akajiunga na chuo cha ualimu mwaka 1987, akahitimu 1989, akafundisha darasa la pili kwa miaka mitatu, kisha mwaka 1993 akarudi chuoni kusomea elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, wakati ambapo wenzake walimcheka kwamba anajitafutia kazi ya kulea. Jumatatu tarehe 8 Januari 1996 alikabidhiwa kitengo katika shule aliyoitumikia hadi mwisho, na nikisema kitengo msifikirie makubwa, kilikuwa chumba cha mwisho cha jengo la nyuma, stoo ya madawati mabovu, yenye dirisha moja na mlango uliokwaruza sakafu. Kaka aliurekebisha mlango ule, akatengeneza meza za kimo tofauti, na kila mwezi akampelekea mabaki ya msasa wa karakana, ambayo dada aliyakata kwa umbo la herufi, akayabandika kwenye vipande vya mbao, ili mtoto asiyeona vizuri au asiyeshika kalamu aijue herufi kwa kuipapasa. Watoto walimwita Mwalimu Tena, maana mtoto akikosea hakusikia "siyo", alisikia "tena", na akipatia pia alisikia "tena".

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1992 na shemeji yetu, fundi saa, mtu pekee ninayemfahamu mwenye saa arobaini ukutani ambaye hajawahi kufika mahali kwa wakati, hata siku ya harusi alitusubirisha dakika hamsini. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1994, ambaye ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa 1998, ambaye ni fundi umeme, na wote wawili watawaambia kwamba walilelewa kwa upendo, ingawa meza yao ya chakula ilikuwa na msasa na gundi zaidi kuliko sahani.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo shangazi aliipigia mstari mwekundu, nami naisoma hivyo hivyo, kwa sababu nikiiruka hamtajua mnamzika nani.

Mwaka 2003 halmashauri ilitenga fungu la msaada wa ziada kwa wanafunzi wa namna hii, na haki ya mtu apewe, mwanzo ulikuwa mzuri, kitengo kikapata wasaidizi sita kwa watoto thelathini na mmoja, watu wa kumshika mtoto mkono anapoandika, kumpeleka msalani, kukaa naye pale anaposhindwa kukaa na wengine. Kila msaidizi aliidhinishwa kwa Fomu Namba Saba, inayojazwa upya kila Juni kwa kila mtoto, na katikati yake kuna swali lisemalo, "Je, mwanafunzi ameonyesha maendeleo?" Dada alilipenda swali hilo kuliko yote. Aliandika kwa furaha, kwa mwandiko wa kupendeza, kwamba huyu sasa anafunga vifungo vyake, huyu anahesabu hadi ishirini, huyu aliyekuwa akijificha chini ya meza sasa anakaa juu ya kiti, na kila miaka miwili au mitatu, Januari, ilikuja barua kwamba kutokana na ufinyu wa bajeti msaidizi mmoja anaondolewa, akaamini kwamba bajeti ni finyu, akalalamika kidogo, akaendelea kuandika mazuri ili halmashauri ione fungu lake halipotei. Hilo ndilo kosa alilofanya dada yetu, na alilifanya kwa miaka kumi na mmoja.

Mwezi Juni 2014, karani mmoja wa halmashauri, ambaye mwanawe alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima akisubiri nafasi kitengoni, alimfuata hadi darasani baada ya watoto kutoka, akasimama mlangoni akiigeuzageuza kofia yake.

"Mwalimu, usinitaje popote," alimwambia, "lakini anayewaondoa wasaidizi ni wewe. Ukiandika ndiyo, mtoto anahesabiwa amepona, jina linafutwa, na majina yakipungua vya kutosha, msaidizi mmoja anaondolewa. Fomu zako kule ofisini tunagombania kuzishughulikia, hazina usumbufu."

Amepona! Mtoto asiyesikia amepona kwa kujua kuhesabu. Shemeji anasema siku hiyo dada alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha wateja wa saa, hakuvua viatu, akasema jambo moja tu, "Nimewaondoa kwa mkono wangu," na saa zote arobaini zikagonga saa mbili, moja moja, kila moja kwa wakati wake, bila yeye kuinua kichwa.

Alijaribu kupambana kwa adabu. Mwezi huo huo aliambatanisha kwenye kila fomu karatasi ya ziada, akieleza mtoto anaweza nini akiwa na msaidizi na anashindwa nini akiwa peke yake, na zote zikarudishwa na muhuri kwamba viambatisho havipokelewi. Alikwenda ofisini mara tisa, akapigwa danadana kutoka dirisha hadi dirisha, na katika ziara ya tisa aliingizwa kwenye ukumbi wa mikutano wa madiwani, akakuta zulia jipya la bluu kutoka ukuta hadi ukuta, akauliza kwa heshima limetoka fungu gani, akajibiwa bila haya kwamba ni fungu la msaada wa ziada wa wanafunzi, chini ya kipengele cha mazingira rafiki, kwa sababu waheshimiwa walifanyiwa humo semina kuhusu watoto wenye mahitaji maalumu. Mwaka uliofuata fungu hilo likanunua bango la getini lenye picha ya mtoto katika kiti cha magurudumu, likasimikwa juu ya ngazi tatu ambazo kiti cha magurudumu hakiwezi kuzipanda, na likajenga choo ambacho mlango wake haupitishi kiti hicho. Shangazi, nisamehe, sauti imepanda yenyewe.

Juni 2015 palikuwa na msichana wa miaka kumi na mmoja, mikono yake inatetemeka na maneno yanamtoka kwa shida, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa na msaidizi, mama mmoja mstaafu mwenye subira, na Aprili ya mwaka ule alikuwa amesoma mstari mzima kwa mara ya kwanza, darasa zima likapiga meza. Dada alijua kwamba akiandika ndiyo, mama yule anaondoka. Basi akajikaza, yeye ambaye hakuwahi kumdanganya hata mzazi wa mtoto mtukutu, akaandika kwenye fomu ya msichana yule, "Hakuna maendeleo." Akaiacha mezani akaenda kumfuta pua mtoto mwingine, na aliporudi alimkuta msichana amesimama kando ya meza, kidole kiko juu ya karatasi, anatamka silabi moja moja jinsi alivyofundishwa, hadi akafika mwisho, akainua macho.

"Ni mimi, Mwalimu?"

Dada alinisimulia jambo hili mara moja tu, ndani ya lori langu, na ilinibidi nisimame kando ya barabara kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anaona vizuri. Aliichana fomu ile mbele ya msichana, akachukua nyingine, akaandika ndiyo, amesoma mstari mzima, akampa aisome. Januari 2016 mama mstaafu aliondolewa. Kuanzia hapo dada alifanya kazi ya mwalimu na ya msaidizi, aliwabeba watoto mgongoni hadi choo cha zamani kwa kuwa kile kipya hakiingiliki, alibaki hadi saa kumi na mbili jioni kumshikia msichana mkono wa kuandikia, na msichana huyo alimaliza darasa la saba mwaka 2018, sasa anauza katika duka la vifaa vya shule, na yuko hapa amekaa na walimu.

Kuhusu ugonjwa, mwaka 2021 dada aligundulika kuwa na shinikizo la damu, na Februari 2022 daktari aliona moyo umetanuka, akamwandikia mapumziko ya miezi miwili. Mwalimu mkuu aliomba mtu wa kumshikia darasa, halmashauri ikajibu kwamba atapatikana taratibu zitakapokamilika, na siku ya tisa dada alirudi kazini, kwa sababu wazazi walikuwa wanawaleta watoto na kukuta mlango umefungwa. Taratibu hizo hazijakamilika mpaka leo ninapowasomea. Jumatano tarehe 31 Mei mwaka huu alianguka darasani akiwa amembeba mtoto, akaanguka chali ili mtoto asiumie, na mtoto hakuumia. Alilazwa siku kumi na saba, na tarehe 12 Juni, mpwa wangu muuguzi akiwa anambadilishia dripu, ililetwa barua ya halmashauri ikimkumbusha awasilishe Fomu Namba Saba kabla ya Ijumaa tarehe 23. Hawakumwandikia pole, waliandika kumbukumbu namba.

Alizijaza. Alizijaza akiwa amelala, akiegemeza karatasi kwenye sinia ya dawa, fomu ishirini na tatu, ya mwisho ikamalizika Alhamisi tarehe 15, na Jumamosi tarehe 17 Juni 2023, saa kumi na dakika ishirini alfajiri, akatutoka, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, miezi mitatu na siku nane. Daktari ameandika kwamba ni moyo, na sisi si madaktari, hatumbishii.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa wodi, waliokopeshana zamu ili asikae peke yake, inawashukuru majirani waliopika, waliolala sakafuni na waliomzuia shemeji asisimamishe saa zote, inamshukuru mwalimu mkuu na walimu wenzake, ambao wamekuwa wakilishika darasa lake kwa kupokezana vipindi, na inawashukuru wazazi. Kwa halmashauri hatuna shukrani, tuna fomu. Ninazo hapa. Kwenye zote ishirini na tatu ameandika ndiyo, na chini ya mstari, mahali pasiporuhusiwa kuandikwa kitu, ameongeza kwa mwandiko ulioishiwa nguvu, "Ameweza kwa kuwa alisaidiwa. Msimwondolee."

Afisa elimu yupo, kiti cha tatu kutoka kushoto, mwenye miwani, na samahani shangazi, namkazia macho. Mheshimiwa, hatuzileti ofisini kwako, zisije zikagombaniwa. Njoo uzipokee hapa kwenye jeneza, uzisome moja moja kwa sauti, kila moja na jina la mtoto, halafu utuambie mbele yake ni yupi kati yao amepona. Wazazi wa watoto hawa, naomba msimame.

Dada, wewe pumzika kwa amani. Sisi tutakaa chini akishamaliza kusoma.