Chumba Kiitwacho Fi

Mama mzazi, wazee wa ukoo, wachungaji, mwenyekiti na wanakamati wa Hospitali ya Jamii ya Sinakhomi, na waombolezaji wote, mimi ni Hezron Wepukhulu, baba mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake kama yalivyokuwa, si kama maisha yanavyopambwa matangani.

Selipher Nasambu Wepukhulu alizaliwa hapa Sinakhomi, kaunti ya Bungoma, tarehe 14 Machi 1986, akiwa kifungua mimba wa marehemu kaka yangu Joram na Mama Rosebellah. Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia 1993 hadi 2000, akajiunga na sekondari mwaka uliofuata, akaiacha mwishoni mwa kidato cha tatu babake alipofariki. Mwaka 2006 aliolewa na Bwana Hillary, wakajaliwa mwana mmoja, Mike, mwaka 2008, na ndoa hiyo ikavunjika 2011, jambo ambalo wengi mlioketi hapa mlilizungumza vya kutosha wakati ule, kwa hiyo sitaongeza langu.

Tarehe 9 Juni 2012 mdogo wake, Metrine, alishikwa na uchungu wa kuzaa zahanati yetu ikiwa imekwisha kufungwa, akafariki juu ya pikipiki akipelekwa mjini, pamoja na mtoto ambaye hatukupata kumpa jina. Nasambu ndiye aliyemshika kiunoni njia nzima.

Tarehe 7 Februari 2018 alisafiri hadi Riyadh, akaajiriwa kazi za nyumbani katika jumba la ghorofa tatu mtaa wa Al-Malqa. Mwezi wake wa kwanza kule alimpigia mamake simu, akaulizwa hali, akajibu, "Mafi mushkila, mama," yaani hakuna shida, kwa kuwa ndiyo lugha aliyoisikia kutwa. Lakini kwa kuwa neno lile la kwanza, katika lugha yetu, ni uchafu usiotajwa mbele ya mzazi, Mama Rosebellah akamkemea akina mama wa kanisa wakisikia, "Umeenda kwa Waarabu ujifunze kunitusi, wewe Nasambu?" Tulicheka mwaka mzima, tukamwita Mafi, naye akatufundisha kwamba kule mtu huishi kwa maneno mawili tu, fi, yaani ipo, na mafi, yaani haipo.

Kicheko kiliisha 2020, alipoanza kutokwa na damu nje ya siku zake, akamwomba madam, bibi mwenye jumba, ampeleke hospitali, naye madam akamjibu, "Mafi mustashfa! Meza Panadol, yalla, wageni wanakuja." Mustashfa ndiyo hospitali. Mimi nilikuwa mpima ardhi, nimeitazama ramani ya mtaa ule, na kutoka lango la jumba hadi hospitali iliyo karibu ni kilomita mbili na robo, kwa barabara ya lami. Metrine alikufa mahali ambapo hospitali haikuwepo, dadake akaambiwa haipo mahali ambapo ilikuwepo, na katika umri wangu wote wa kupima sijapata kipimo cha kulinganisha mambo hayo mawili.

Mkataba uliisha, kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, akamnyima kibali cha kuondoka hadi Novemba 2021. Januari 2022 alihamia Jeddah, karibu na mtaa wa Sharafiya, kumtunza Bi Mwatima, ajuza wa asili ya Unguja ambaye jamaa zake wako Jeddah tangu mapinduzi ya 1964, na huyo, alipomwona amejikunja jikoni, alimwambia, "Wanificha nini, mwanangu? Mie mzee, si kipofu. Vaa baibui twende." Madaktari wakakuta saratani ya mlango wa kizazi, iliyokuwa imekaa muda mrefu bila kusumbuliwa na mtu. Tulipomsihi arudi nyumbani alituuliza, "Nirudi Sinakhomi nitibiwe wapi, baba?"

Matibabu yalimwongezea miaka mitatu, na katika miaka hiyo mshahara wake ulijenga, katika kiwanja cha hospitali yetu, ile iliyokuwa zahanati, chumba cha kuwapimia wanawake, kilichokamilika Februari mwaka huu, kikikosa kitanda, taa na muuguzi. Akiwa mahututi, mbele ya Bi Mwatima na Priscilla, mfanyakazi mwenzake wa huko, ambaye yuko hapa nasi, alirekodi wosia kwamba akiba yake, baada ya karo ya Mike, ikamilishe hayo matatu, na mlangoni paandikwe neno moja, FI. Alifariki Jeddah tarehe 6 Mei 2025, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Mwenyekiti, juzi Alhamisi ulituma ujumbe kwamba akiba hiyo ingefaa zaidi lango na ukuta, ili wageni wakija waone maendeleo, na kwamba mlangoni litiwe jina la mheshimiwa atakayekuja kuzindua. Jana nilikwenda kuchungulia chumba cha Nasambu, nikakuta viti vya plastiki vya kamati na magunia ya saruji, na nje mama mjamzito amekaa chini akiambiwa arudi Jumatatu, nikatambua kwamba yule madam ana jamaa zake hata huku. Jibu la familia ni mafi. Kitanda kimekwisha kununuliwa, kimo ndani ya lori lile mnaloliona, kibao chenye neno FI kimelazwa kando ya jeneza, na chakula cha leo hakitapakuliwa hapa, kitapakuliwa hospitalini, baada ya viti kutolewa na kibao kupigiliwa misumari.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Jeddah, Bi Mwatima aliyelipia safari ya mwili, Priscilla na wafanyakazi wenzake waliomuogesha kwa zamu, na majirani mliochimba kaburi.

Nasambu, binti yetu, mustashfa fi. Pumzika kwa amani.