Tawi la Parsimei

Wasikilizaji wapendwa, Landrova ile ilipita mbele ya macho yenu. Ilipita Karatu mjini asubuhi, taratibu, nanyi mkatazama pembeni. Kiti cha mbele hakikuwa na mtu. Kilikuwa na sanduku la vyakula. Mliliona, mkaendelea kunywa chai.

Kiti kile kilikuwa cha Parsimei Metui, mfugaji wa Nainokanoka. Huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Miaka nenda rudi aliwatembeza wageni kwa miguu katika misitu ya Ngorongoro, na hakumpoteza hata mmoja. Hata mmoja. Wengi walikuwa hawajawahi kutoka kwao. Aliwafundisha kutembea, akawafundisha kunyamaza. "Mzungu hunyamaza ukimwonyesha kinyesi cha nyati," alikuwa akisema. "Dereva wa Karatu hanyamazi mpaka azikwe."

Juni hii ya 1984 ukungu ulishuka, ukakaa. Jioni moja Parsimei aliona damu kwenye majani ya njia ya chini, ile wanayopita wageni kwa miguu. Nyati amejeruhiwa na mtego wa waya, naye yu karibu. Akakata tawi bichi, akalilaza kukatisha njia. Kwao wafugaji, tawi likilala njiani hakuna anayevuka. Aliyelilaza ndiye anayeliondoa.

Kesho yake akasubiri barabarani, kama siku zote. Gari likasimama. Dereva alikuwa Clemensi, kijana wa Ganako. Nyuma alikaa mwalimu mmoja, mama wa makamo kutoka Denmaki, safari yake ya kwanza nje ya nchi yake.

"Shikamoo, mzee. Leo nafasi hakuna, ofisi ya safari ndiyo imesema. Njia naijua."

"Marahaba. Wewe unaijua njia. Nyati anakujua?"

Clemensi akacheka. "Tutasalimiana hukohuko."

Parsimei akalipisha gari. Tawi lilikuwa pale, na nani avuke tawi? Gari lilipokwisha kumezwa na ukungu ndipo alipokumbuka: Clemensi ni mtoto wa wakulima. Kwao tawi ni kuni.

Akaanza kukimbia.

Alilikuta tawi limesogezwa kando, vizuri kabisa, mgeni asijikwae. Mbele msitu ulikuwa kimya. Ndege nao kimya. Sauti ilikuwa moja tu, ya Clemensi.

Clemensi mwenyewe anasema: "Nilikuwa namweleza mama habari za miti. Mzee akatokea nyuma yetu, akamsukuma yule mama nyuma ya mti wa mwangati. Kugeuka, mzee hayupo tena pale alipokuwa amesimama. Yupo nyati."

Mwalimu alirudi kwao mzima. Sanduku lilitupwa msituni. Parsimei alirudishwa nyumbani kwenye kiti cha mbele. Mjane wake, Nalangu, alituambia maneno machache: "Waliniletea amekaa. Siku hiyo nafasi ilipatikana."

Mama Nalangu, wewe na wanao na ukoo mzima, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Lakini, wasikilizaji wapendwa, pole isiyo na mikono ni upepo. Jiulizeni usiku huu mnaomboleza nini, ikiwa jana gari la ofisi ileile limepita tena, na kiti cha mbele kina sanduku jipya.

Kesho asubuhi litapita. Nyuma atakuwemo mgeni mwingine asiyejua kitu. Toka nje. Chungulia kiti cha mbele. Usipomwona mwenyeji wa msitu ule, kata tawi bichi, lilaze katikati ya barabara, usimame hapohapo. Watakuambia uliondoe. Usiliondoe mpaka kiti kipate mtu aliye hai.