Cadette Ngosa Hakuwa na Injini

Pasta, wazee wa muji, majirani wa Nchelenge na ninyi muliovuka kutoka kisiwa cha Chisenga, mimi ni Kabaso, mujomba wa marehemu, ndugu ya mama yake Emilienne, na jamaa imenipa kazi ya kusoma maisha yake, nami nitayasoma jinsi nilivyoyaandika kwa mukono wangu, ijapokuwa kati yetu wameketi wajumbe wawili wa kompani ya mashine, wenye viatu safi, ambao wangependa nisome karatasi ingine.

Cadette Ngosa alizaliwa Pweto, ng'ambo, upande wa Kongo, tarehe 14 Juni 2003, mutoto wa tatu wa Emilienne na marehemu Octave, fundi wa mitumbwi. Alianza masomo kule Pweto mwaka 2009, vita ikayakata, tukavuka ziwa na kufika Kenani, kambi ya wakimbizi, tarehe 3 Oktoba 2017, na huku Zambia akamaliza darasa la tisa mwaka 2020.

Ni pale Kenani alipomuona muzee mumoja wa Chienge akipiga babatoni, lile pipa lililofungwa ngozi ya mbuzi, lenye muti murefu na kamba moja nene, ambalo kazi yake ni kunguruma chini ya magitaa, na ambalo watu hawalisikii mpaka siku linanyamaza. Akajitengenezea lake kwa pipa la mafuta ya kupikia, na vijana wakamuchekelea wakisema, "Dada, unapika pombe ao unacheza?", naye akawajibu, "Mimi napika, ninyi ndio mutalewa." Mwaka 2019, mimi nikiwa na miaka sitini na moja na sijui hata herufi ya jina langu, alinifundisha kusoma kwa kitabu cha nyimbo, kila silabi niliyoipata alivuta kamba mara moja, niliyoikosa alinyamaza, nami nilichukia kimya kile kuliko fimbo.

Kazi aliianza mwaka 2021 katika bendi ya Boyd, mupiga gitaa. Alifunga ndoa na Elliot, muvuvi wa hapa Nchelenge, tarehe 19 Agosti 2023, na Mungu akawapa mutoto mumoja, Memory, aliyezaliwa tarehe 6 Mei 2024, ambaye munamuona pale mugongoni mwa bibi yake.

Mwaka ule ule kompani ilileta visanduku vinavyoimba kwa sauti ya mutu yeyote, na ninasema kwa haya kwamba baa zilivinunua, na makanisa yetu pia. Boyd aliketi siku mbili mbele ya kisanduku, kikajifunza vidole vyake, kisha kikamufukuza kazi. Cadette alipofika na pipa lake, wenye kompani walicheka, wakamwambia, "Hiyo haiko kwenye orodha, mama, rudisha pipa jikoni." Basi babatoni ikabaki sauti pekee ambayo mashine haiijui, na Cadette akabaki akiitwa kwenye misiba, mahali ambapo watu wangali wanaona aibu kuliliwa na kisanduku.

Desemba iliyopita, ziwa lilipofungwa ili samaki wazae, kompani hiyo hiyo iliweka juu ya maji walinzi wake, mitumbwi ya chuma isiyo na mutu ndani, inayosikiliza muchana na usiku. Inajua sauti ya gitaa, ya ngoma, ya kiboko na ya redio, na kila mungurumo isioujua inauita injini ya mwizi wa samaki. Jumamosi tarehe 24 Januari 2026, saa nane za muchana, Cadette alikuwa akienda kwenye musiba Chisenga, na Fanwell, mwanamuziki mwenzake, akipiga kasia, bila injini, bila wavu, bila ndoano. Walipokaribia kisiwa alianza kuvuta kamba, kwa maana ndiyo desturi yetu, mupiga babatoni hushuka nchi kavu akiwa amekwisha kusikika, ili wafiwa wajue kwamba hawako peke yao. Mulinzi akageuka, akaja na king'ora, akaugonga mutumbwi ubavuni ukapinduka. Fanwell hajui kuogelea, Cadette akamusukumia pipa, likamushikilia juu ya maji.

Na watu wa pwani, ndugu zangu, walifanya nini? Walitoa simu wakapiga picha, wakipaza sauti, "Wezi! Wamepatikana leo!", na ilipita nusu saa kabla mutu mumoja hajalowesha suruali yake. Wengine wao wako hapa, wamekula bukari ya musiba huu na kunawa mikono. Nimewaona.

Cadette alifikishwa hospitali na maji katika mapafu, homa ikamupanda, akafariki Jumatatu tarehe 2 Februari 2026, saa kumi na moja za asubuhi, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili.

Siku ya pili wajumbe hawa walileta sanduku la maiti lenye vishikio vya shaba, karatasi tatu, na kibati cha wino kwa ajili ya kidole changu. Niliketi nikasoma mustari kwa mustari, wakitazama saa zao, na kwenye karatasi ya tatu nikakuta kwamba marehemu "alikuwa katika chombo chenye injini, akivua kinyume cha sheria". Niliwarudishia wino wao. Sanduku hili munaloliona ni la mbao, Elliot amelipigilia misumari mwenyewe.

Jamaa inawashukuru waganga na wauguzi waliomupigania siku tisa, majirani waliolala nasi nje, wanamuziki wenzake, na Boyd aliyeshona upya ngozi ya pipa huku akilia.

Sasa tuko hatua mia moja kutoka majini, na mulinzi wa chuma munamuona pale juu ya maji. Fanwell ameketi na babatoni ya Cadette. Mutu asikimbie, mutoto asipige kelele, simu zenu mulizotoa siku ile zitoeni tena, na ninyi wajumbe muangalie vizuri ni injini gani mashine yenu itakuja kukamata kwenye kaburi.

Pumzika kwa amani, mwalimu wangu. Fanwell, vuta kamba.