Yadi Tatu na Harusi ya Kesho

Benchi la kwa Vernell lilikuwa la kanisa kabla kanisa halijanunua viti vya kukunja, na mgongoni bado lina kijisanduku cha vitabu vya nyimbo, ambamo siku hizi wazee hutupia maganda ya karanga za kuchemsha. Liko nje ya karakana ya matairi, pale barabara ya mjini inapokutana na ile iendayo uwanjani, na Ijumaa ya wiki ya Harlan na Bascom hakuna anayekuja pale kwa ajili ya tairi. Watu wanakuja kubishana juu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa na kurushwa kwa mikono. Chuo cha Harlan ni wekundu, chuo cha Bascom ni kijani, na katika mji ule wa Alabama mtoto huulizwa rangi yake kabla hajaulizwa jina. Ijumaa hiyo Lucius Tarpley alifika wa kwanza, kofia nyekundu imemfika kwenye nyusi, na alikuwa na sababu ya kubishana kuliko wenzake wote. Mpira ulikuwa uanze kesho yake saa sita mchana. Saa kumi, siku hiyo hiyo, binti yake alikuwa anaolewa.

Tarehe aliichagua mwenyewe. Renita alimpigia simu mwaka jana kumwuliza Jumamosi ipi ya Oktoba haina mchezo wa maana, naye akaitaja bila hata kufikiri, kwa kuwa Harlan na Bascom walikuwa wakikutana mwishoni mwa Novemba tangu babu yake ana meno yote. Kisha wakubwa wa ligi wakakaa wakapangua ratiba, na mchezo ukaangukia Jumamosi ya harusi, wakati kadi zimeshasambazwa na keki imeshaagizwa. Lucius alipompigia Renita kumweleza, yule binti alisema tu, "Sawa, Baba," akakata simu. Maneno hayo mawili hayakumtoka masikioni tangu kiangazi. Hakumwambia mtu. Badala yake alizidi kupiga kelele.

— Kesho tunakimbia na mpira mwanzo mwisho, alisema, hata kahawa haijamiminwa. Yadi tatu, yadi tatu, yadi tatu. Saa inajiendea yenyewe. Kufika saa tisa na kitu mimi niko njiani na suti yangu, na Bascom wanalia.

Ndiyo maana walimwita Yadi Tatu. Mpinzani wake mkubwa, Cleophus Rudd, waliyemwita Bomu, alikuwa amesambaza barua za mji mzima kwa miguu mpaka akastaafu, na tangu hapo hataki kusikia habari ya kutembea, wala kwake wala kwa mpira. Kwa Bomu, mpira ni wa kurusha, tena mbali, tena juu, tena mapema.

— Yadi tatu mara tatu ni tisa, Bomu alisema. Zinatakiwa kumi, usipozifikisha mpira unakwenda kwa adui. Umri wote huo hesabu hiyo imekushinda?

— Ya kumi unaipata kwa hasira.

— Hasira haimo kwenye kanuni.

— Haimo kwa sababu waliozitunga hawakuwahi kubebeshwa mpira.

Bi Vernell, mwenye karakana, alitoka na birika lake kubwa, akawajazia vikombe bila kuwauliza. Alirithi matairi, benchi na wazee kutoka kwa marehemu mumewe, na huwa anasema matairi ndiyo yenye faida. Alimuuliza Lucius kama suti imepigwa pasi. Lucius akasema suti ipo, imetundikwa ndani ya gari, na viatu viko chini ya kiti, atavaa kwenye taa nyekundu za barabarani ikibidi. Bi Vernell akasema angependa kuona mtu akivaa suruali kwenye taa nyekundu.

Bomu hakutaka habari za suruali. Alisema anayependa harusi ya binti yake angeomba warushe. Ukirusha, alieleza, unafunga mapema. Kufika mapumziko Bascom wako hoi, wanakusanya mito yao ya kukalia, nawe unaondoka taratibu kama waziri.

— Niondoke wakati wa mapumziko?

— Ndiyo.

— Matarumbeta hayajalia?

Bomu alifungua mdomo akaufunga. Pale hakuna aliyewahi kuondoka kabla bendi za vyuo viwili hazijapiga, na wako waliokuja uwanjani kwa bendi tu, mpira ukiwa ni kitu cha kuvumilia kabla na baada. Hata Bomu aliona amekwenda mbali. Akasema basi, baada ya matarumbeta.

— Na mpira uliorushwa ukianguka chini saa inasimama, Lucius alimkumbusha. Kila ukianguka, inasimama. Wewe unataka binti yangu aolewe kwa tochi.

Hapo Shemasi Ezra Moody aliamka. Yeye hukaa mwisho wa benchi, upande ule ule aliokuwa akikaa benchi lilipokuwa kanisani, na watu hudhani amesinzia mpaka Maandiko yatakapohitajika. Ndiye atakayefungua kanisa kesho, na tiketi ya mchezo anayo mfukoni kama wenzake. Mchungaji pia anayo, ila hilo halisemwi kwa sauti.

— Mungu alipowatoa Waisraeli Misri, Shemasi alisema polepole, aliwakimbiza. Hakuwarusha.

— Amina, alisema Lucius.

— Na Yona? Bomu aliuliza. Si alirushwa kutoka chomboni? Na Ninawi alifika.

— Alidakwa kwanza, Shemasi alisema. Alidakwa na adui, akakaa kwake siku tatu. Ndiyo shida ya kurusha.

Lucius alicheka mpaka kahawa ikamwagikia goti. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka wiki ile, na ndani ya kicheko chenyewe alimsikia tena Renita akisema sawa, Baba, akaacha kucheka, akafuta goti kwa kofia.

Baada ya hapo mambo yaliharibika. Bi Vernell alisema wote hawajui kitu, kurusha kulibuniwa na wauza malori, maana kila mpira ukianguka na saa ikisimama, televisheni inakuonyesha tangazo la lori. Bila kurusha, alisema, pasingekuwa na mtu mwenye lori jipya katika jimbo zima. Bomu akadai kwamba kukimbia ndiko kulikobuniwa, na waliobuni ni wauza dawa ya magoti. Shemasi akasema Bascom hurusha kwa sababu rangi ya kijani haishiki ardhi. Mtu akamuuliza ana maana gani, akasema ana maana hiyo hiyo. Lucius akawapita wote. Alisema saa ya uwanjani ina moyo, ikiona watu wanakimbia kwa adabu huharakisha yenyewe, na yeye ameishuhudia kwa macho yake, mwaka wa mvua ile, mtu asimbishie.

— Unajidanganya, kaka, Bomu alisema, na safari hii hakuwa anatania. Wakimbie wasikimbie, uwanjani na kanisani kote hutawahi. Chagua.

— Sichagui. Nitamaliza mpira wangu na nitampeleka binti yangu. Tangu lini mtu wa wekundu akachaguliwa la kufanya na saa?

Alisema kwa ukali, na wenzake wakarudi kwenye karanga zao. Walijua kwamba amemlea Renita peke yake tangu mama mtu afariki, na Jumamosi zote alimbeba mabegani kwenda kiti kile kile nyuma ya matarumbeta. Walijua pia hajalala vizuri, maana macho yake yalisema.

Gari dogo la kukodi likaja likasimama mbele ya karakana. Aliyeshuka alikuwa Julian, bwana harusi mwenyewe, kijana mrefu kutoka Minnesota ambako watu hucheza juu ya barafu. Alikuwa amevaa koti katika joto lile, na shati la kijani, kwa kuwa hakuna aliyemwonya. Bi Vernell alimtazama shati, akaingia ndani, akatoka na ovaroli jekundu la mafundi, akamvalisha juu kwa juu na kumpa kahawa. Kijana alishukuru bila kuelewa ameokolewa na nini.

Walimpa nafasi kwenye benchi, wakamweleza wote kwa pamoja. Akaelezwa habari ya saa, ya Yona, ya wauza malori, na ya yadi ya kumi inayopatikana kwa hasira. Alisikiliza kwa heshima, akitikisa kichwa, kikombe mikononi. Walipopumua, akauliza:

— Mniwie radhi, wazee wangu. Mimi mchezo siujui. Na wakitoka sare?

Karanga zilikoma kutafunwa.

Zamani sare ilikuwa sare. Watu walipeana mikono wakaenda nyumbani wakinung'unika. Siku hizi hawaachi. Wanapewa zamu, huyu na yule, tena na tena, mpaka mmoja azidiwe, na katika zamu hizo saa haihesabu kabisa. Unaweza kukimbia, unaweza kurusha, unaweza kuimba. Lucius alijua hayo kuliko wote pale. Katika wiki zote za kupanga alikuwa amehesabu kila kitu isipokuwa hicho.

Bomu alitazama barabara. Shemasi alifumba macho. Bi Vernell aliinamisha birika juu ya kikombe cha Lucius, likatoa matone mawili, likaisha.

Lucius alitazama yale matone. Kisha akavua kofia, akatoa tiketi iliyofichwa ndani ya utepe wake, akaiweka juu ya benchi na kuibana kwa kikombe ili upepo usiichukue. Ilimuuma, na hakuficha kwamba imemuuma.

— Mwambie Renita siendi uwanjani, alisema. Washinde, washindwe, watoke sare, mimi saa kumi niko mlangoni pa kanisa. Mwambie na asiniambie tena sawa, Baba.

Julian aliwatazama mmoja mmoja, amechanganyikiwa.

— Lakini mzee, sikuuliza kwa ajili yako.

— Uliuliza kwa ajili ya nani?

— Kwa ajili yangu. Renita ameshasema hashuki garini mpaka kipyenga cha mwisho. Atakaa nje ya kanisa na gauni lake na redio. Anasema amelelewa hivyo na haombi msamaha. Mimi nilitaka tu kujua, wakitoka sare, nitasimama pale mbele mpaka saa ngapi.

Shemasi alianza kuhesabu zamu kwa vidole, vikamwishia.

Lucius alisimama, akaenda mpaka ukingo wa barabara, akawageuzia mgongo. Bi Vernell alimkanyaga Bomu mguu asije akasema neno. Lucius aliporudi, kofia ilikuwa imeshuka zaidi usoni na sauti imekwaruza. Alichukua tiketi chini ya kikombe, akampa Bomu, ambaye kiti chake siku zote kiko juu kabisa, karibu na taa.

— Kaa kwangu kesho, alisema. Na wakirusha usinyanyuke. Kiti kile hakijazoea.

— Na wewe?

— Mimi nitakuwa garini na binti yangu. Redio yake ina mikwaruzo, anahitaji mtu wa kushika waya.

Julian alikuwa bado anasubiri, ndani ya ovaroli jekundu lililomfika nusu ya mikono.

— Na mimi, mzee?

— Wewe utasimama, mwanangu, Lucius alisema, akamshika bega. Omba wakimbie.