Mivuto Mitatu ya Mzee Mfuniko

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mzibuaji wa mitaro ya majitaka. Mtaani walimwita Mzee Mfuniko, kwa sababu ule mfuniko wa chuma ambao wenzake waliuinua watatu, yeye aliunyanyua peke yake. Amefia mtaroni. Nasema tena, mtaroni, si baa.

Narudia kwa sababu ofisi yake imeandika kwenye ripoti kwamba amejiua kwa ulevi. Ofisi hiyo hiyo. Miaka kumi na tisa haikumpa hata barakoa ya gesi. Ilimpa pombe kali. Kila asubuhi msimamizi alitoa chupa ya plastiki chini ya kiti cha gari, akaonja yeye kwanza, kisha akammiminia kila mtu kizibo kimoja. "Ya kuua harufu," alisema. Huruma ya ajabu hiyo. Pua ikilala, mtu hashtuki, anashuka tu.

Mzee Mfuniko alianza na kizibo, akafika nusu chupa. Hatumpambi hapa. Alirudi nyumbani akiyumba, akalala na mabuti yake, hadi binti yake akaacha kumwamkia. Hilo lilimchoma. Akaacha pombe. Kila jioni mkewe alimsimamisha mlangoni: "Baba watoto, hebu hema." Akihema, mke anacheka, na binti anasema, "Shikamoo baba." Siku kumi na moja, wasikilizaji. Kumi na moja.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili alikikataa kizibo tena. "Kumbe bado umeokoka," msimamizi akamcheka. Akanywa chake, akanywa na kile alichokataa Mzee Mfuniko, kisha akashika mwenyewe kamba aliyofungwa Mzee Mfuniko kushuka mtaroni. Kamba ndiyo simu ya kule chini. Ukivuta mara mbili, unaomba ulegezewe. Ukivuta mara tatu, unaomba utolewe.

Mdogo wa marehemu alikuwa pale pale na koleo lake. Anasema: "Kaka aliinusa gesi, akavuta mara tatu. Niliona kwa macho yangu. Bosi akaniambia ni mbili, akalegeza. Nilipomnyang'anya kamba, kaka alikuwa ameshakata roho."

Na huyo msimamizi, bila haya, alikuja mazishini na tai shingoni, akasimama kutueleza jinsi pombe inavyomaliza nguvu kazi. Uso mkavu kama kiatu. Mjane akainuka, akamsogelea mpaka wakakaribiana pua kwa pua.

"Bosi," akasema taratibu, "hebu hema."

Msimamizi akafumba mdomo. Akatafuta kiti, akakaa.

Mama mjane, binti, na wewe mdogo wa marehemu, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nanyi waheshimiwa mliosaini ile ripoti, tafakarini, kama mnacho cha kutafakaria. Mzee Mfuniko alivuta mara tatu. Alishuka na akili zake timamu. Mlevi alikuwa juu, ameshika kamba.