Miaka Thelathini na Mitatu ya Kuchora Mahindi Sawasawa

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika chumba cha michoro, Mama Edinah Kageha anastaafu leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025. Aliingia matbaa yetu hapa Eldoret mwaka wa 1992 akiwa na penseli mbili na barua ya mchungaji wake.

Michoro yake imefika nyumba nyingi kupitia kalenda za vyama vya maziwa, vitabu vya shule na vijitabu vya kilimo. Hakuchora kitu asichokijua. Alipopewa kazi ya ng'ombe, alikwenda Moiben akasimama zizini hadi akapigwa teke. Alirudi akichechemea, lakini kwato zilikuwa zimechorwa barabara.

Mwaka jana tulileta programu ya akili mnemba inayochora yenyewe. Mchoro wa siku tatu ukawa wa dakika tatu. Kijitabu cha kwanza kilipotoka, Mzee Amos, mkulima wa Moiben, alipiga simu akicheka: "Hii mahindi yenu inazaa kichwani kama mtama?" Tulichapa upya.

Meneja wetu, Bwana Muigai, akamwomba Mama Edinah aandike maelekezo yote ya kuiongoza programu hiyo, ili akistaafu chumba cha michoro kifungwe. Maana yake, Joyline na Mabonga, vijana aliowafundisha kazi, wangerudi nyumbani.

Mama Edinah hakukataa, bali alimuuliza Bwana Muigai maswali katika mkutano wa wafanyakazi. "Mkulima atalipa kidogo?" Hapana. "Hawa wawili wataongezwa mshahara?" Hapana. "Basi hiyo pesa ya siku tatu inaenda wapi?"

Swali hilo lafaa kufafanuliwa. Kitu kikiwa rahisi kutengeneza, akiba inayopatikana haipotei. Kuna mtu anayeichukua. Sehemu yake humwendea mwenye programu, ambaye hulipwa kila mwezi. Inayobaki humwendea anayepanga bei. Mchoraji na msomaji huipata wakiidai tu.

Bwana Muigai alijikuna kichwa. "Mama, leo umenibana."

"Na bado sijamaliza, Meneja."

Alimaliza baada ya wiki mbili, Bwana Muigai alipokubali chumba cha michoro kisifungwe. Bei ya vijitabu ilishushwa kwa moja ya tano, na shule za upande wa Burnt Forest, zilizokuwa zikichapa bila picha, zikaanza kuagiza. Kazi iliongezeka, na kila mchoro wa mashine ukahitaji mtu wa kuukagua anayejua hindi hukaa wapi kwenye bua. Mama Edinah aliandika maelekezo yake, lakini kwanza alihakikisha Joyline na Mabonga wameyajua yote. Juma lililopita walitia sahihi mikataba ya miaka mitatu, mshahara ukiwa umepanda. Mama alisoma kila ukurasa kabla hawajashika kalamu.

Mama Edinah, tunakushukuru kwa michoro, na zaidi kwa maswali. Nenda salama nyumbani kwako Vihiga. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na miaka mingi ya kuchora unachotaka mwenyewe.

Wabuge, meza ya usahihishaji